Kubana na kutuma picha za eksirei na CT kwa mtandao mwembamba: mwongozo kwa hospitali za Nyanda za Juu Kusini

Kijana wa bodaboda aliletwa usiku. Alikuwa ameanguka kwenye lami yenye maji, na kichwa kimevimba upande wa kulia. Mashine ya CT, inayopiga picha za mwili kipande kwa kipande, ilikuwepo na mpiga picha alikuwepo, ila daktari bingwa wa kusoma zile picha alikuwa mkoa mwingine, na mtandao ulikuwa unasuasua. Mwenzetu wa zamu akafanya kile ambacho wengi wetu tumewahi kukifanya: akashika simu, akaipiga picha skrini ya mashine, akatuma WhatsApp. Haikupita muda simu ikalia. "Kaka, nimeipata, lakini ubongo wote naona rangi moja. Nitumie faili zenyewe." Faili zenyewe zilichukua saa tatu kufika. Kijana alipona, namshukuru Mungu, lakini zile saa tatu sijazisahau.

Nawaandikia wapiga picha za mionzi na mafundi wa TEHAMA wa hospitali za wilaya na za misheni, kuanzia Kyela hadi Mufindi, ambao usiku wa namna hiyo wanaujua. Programu nitakazozitaja ni za bure. Kinachohitajika ni kompyuta moja ya kawaida na siku moja ya kujaribu kabla hajaletwa mgonjwa wa dharura.

Hatua ya 1: pima kasi ya kupandisha

Mitandao ya simu imejengwa ikimlenga mtu anayetazama video, siyo anayezituma, hivyo kasi ya kupandisha huwa ndogo kuliko ya kushusha, mara nyingi ndogo sana. Wewe ni mtumaji. Pima ya kupandisha, na uipime mara tatu kwa siku: alfajiri, saa nne asubuhi, na saa mbili usiku watu wakiwa wametulia nyumbani na simu zao. Andika majibu kwenye karatasi, ubandike ukutani karibu na kompyuta. Pima tena siku ya mvua kubwa. Minara mingi ya milimani huunganishwa kwa mawimbi ya redio badala ya waya, na mvua nzito huyadhoofisha mawimbi hayo. Aliyekaa Tukuyu mwezi wa nne hahitaji kuelezwa zaidi.

Tofautisha biti na baiti, maana hapa ndipo hesabu za wengi hupotea. Kasi hutajwa kwa megabiti kwa sekunde, ukubwa wa faili hutajwa kwa megabaiti, na baiti moja ni biti 8. Mtandao wa megabiti 1 kwa sekunde hupitisha megabaiti 1 kwa sekunde 8, tena pasipo kukatika.

Hatua ya 2: jua uzito wa mzigo wako

Kipande kimoja cha CT kina pikseli 512 kwa 512, na kila pikseli huhifadhiwa kwa baiti 2. Zidisha: baiti 524,288, yaani nusu megabaiti. Uchunguzi wa vipande 300 unafika megabaiti 157. Kwa ile kasi ya megabiti 1 hizo ni dakika 21, na hiyo ni siku njema. Eksirei ya kifua yenye pikseli 2,000 kwa 2,500 ni megabaiti 10, na mashine nyingi za kisasa hutoa kubwa kuliko hiyo. Altrasaundi inadanganya macho: picha moja ya rangi ya pikseli 640 kwa 480 haifiki hata megabaiti 1, lakini video ya sekunde 4 yenye picha 30 kila sekunde, isipobanwa, inazidi megabaiti 110.

Hesabu hii ndiyo itakayokuambia kama tatizo lako ni mtandao, au ni namna unavyotuma. Saa tatu za yule kijana hazikutokana na mtandao peke yake. Tulipokuja kukaa chini tukapiga hesabu, tuligundua kwamba kwa kasi tuliyokuwa nayo mzigo ule ulipaswa kufika ndani ya dakika arobaini, hata bila kubanwa.

Hatua ya 3: elewa kwa nini picha ya simu huua ushahidi

Nakaa hapa kidogo, kwa sababu ukilielewa hili, mengine yote yatakuja yenyewe.

Katika CT kila pikseli ni kipimo. Hewa ni -1000, maji ni 0, mfupa mgumu unapita 1000. Ngazi zote kwa pamoja ni kama 4,096. Skrini ya kawaida, simu, na picha ya JPEG tunayoijua mtaani zina ngazi 256 tu za kijivu. Ukizigawa zile 4,096 kwa 256, kila ngazi moja ya simu inameza ngazi 16 za CT. Sasa angalia: ndani ya ubongo, sehemu ya kijivu na sehemu nyeupe zinatofautiana kwa ngazi kama 10 tu. Tofauti yote hiyo inaingia ndani ya ngazi moja ya simu na kufutika. Ndiyo maana daktari aliona rangi moja.

Kwenye mashine tunalikwepa hilo kwa kufungua dirisha jembamba, yaani kuonyesha sehemu tu ya zile ngazi kwa wakati mmoja: kwa ubongo, upana 80 na kitovu 40, kwa mapafu, upana kama 1,500 na kitovu -600. Daktari akiwa na faili ya DICOM (muundo wa picha za hospitali unaotunza vipimo vyote), anajifungulia dirisha analotaka, akatoka kwenye ubongo akaenda kwenye mfupa wa fuvu kutafuta ufa. Akiwa na picha ya simu, amefungwa kwenye dirisha ulilomchagulia wewe. Kwa hiyo kazi yetu ni kupunguza uzito wa faili huku kila ngazi ikibaki palepale ilipokuwa.

Hatua ya 4: bana bila kupoteza

Inawezekana, na namna inavyowezekana ni nzuri kuitazama. Chukua pikseli nne za jirani kwenye eksirei. Unataka kuhifadhi moja. Ya kushoto kwake ni 1013, ya juu yake ni 1016, na ile ya pembeni, juu kushoto, ni 1014. Kanuni ya JPEG-LS, mojawapo ya njia za kubana bila kupoteza, inabashiri kwamba ikiwa hakuna ukingo mkali hapo, pikseli yetu itakuwa 1013 + 1016 - 1014, yaani 1015. Pikseli halisi ni 1014. Badala ya kuandika 1014 kwa biti 16, programu inaandika kosa la ubashiri: -1. Namba ndogo inatosha kwenye biti chache. Upande wa pili, programu inabashiri 1015 vilevile, inajumlisha -1, inapata 1014. Hakuna kilichopotea hata chembe. Rudia mara milioni tano, na faili inashuka hadi nusu, au theluthi, ya ilivyokuwa.

Kubana huku hufanya kazi vizuri pale majirani wanapofanana. Picha yenye chengachenga nyingi haibaniki sana, kwa sababu chenga hazibashiriki. Vipande vyembamba vya CT vya milimita 1 vina chenga kuliko vya milimita 5, kwa hiyo licha ya kuwa vingi, kila kimoja hubanika kwa shida zaidi. Na eksirei ambayo mpiga picha hakufunga vizuri uwanja wa mionzi hubeba eneo kubwa lisilo na kazi. Funga uwanja vizuri: ni kinga kwa mgonjwa, na ni nafuu kwa bando.

Sakinisha DCMTK, mkusanyiko wa programu ndogondogo za DICOM. Amri yenyewe ni fupi:

dcmcjpls kifua.dcm kifua_ndogo.dcm

Bila kuongeza chochote, amri hii hubana pasipo kupoteza. Usiniamini, hakikisha mwenyewe. Ifungue tena kwa dcmdjpls kifua_ndogo.dcm kifua_rudi.dcm, kisha toa pikseli za faili ya kwanza na za hii ya mwisho kwa dcmdump +W folda ikifuatiwa na jina la faili, halafu ulinganishe alama zao kwa md5sum, programu inayotoa alama kutokana na yaliyomo ndani ya faili. Zikiwa sawa herufi kwa herufi, picha ni ileile. Fanya hivi mbele ya daktari wenu mara moja. Nimeona hofu ya miezi ikiisha ndani ya dakika tano kwa zoezi hili.

Kabla hujafurahi, uliza upande wa pili kama programu yao inasoma JPEG-LS. Baadhi ya programu za zamani hazisomi. Kama hazisomi, tumia dcmcjpeg, ambayo nayo kwa kawaida yake hubana bila kupoteza kwa aina ya zamani ya JPEG, siyo ile ya mtaani. Karibu kila programu ya radiolojia inaielewa, ingawa faili hutoka kubwa kidogo. Na ukishabana, usiweke tena kwenye zip kwa kutarajia nafuu. Hakuna kilichobaki cha kukamua.

Hatua ya 5: kubana kwa kupoteza, kwa masharti

Kuna kubana kunakotupa sehemu ya taarifa, na faili inakuwa ndogo mara kumi au zaidi. Sikatazi. Mwaka 2008 chama cha wataalamu wa radiolojia cha Uingereza kiliweka viwango ambavyo bado ni rejea nzuri: mara 10 kwa eksirei ya kifua na ya mifupa, mara 5 tu kwa CT na MRI. Tazama tofauti hiyo: CT inavumilia kidogo sana kuliko tunavyodhani.

Ukilazimika, mambo mawili. Daktari bingwa aambiwe na akubali, siyo fundi kuamua peke yake saa nane usiku. Na ile asili ibaki hospitalini kwako bila kuguswa, kwa sababu ukishatupa huwezi kuokota. Programu nzuri huweka alama ndani ya faili kwamba picha imewahi kupoteza taarifa, na alama hiyo haitakiwi kufutwa kamwe. Kwa CT ya kichwa ya dharura mimi sibani kwa kupoteza. Napunguza idadi ya vipande.

Hatua ya 6: chagua cha kutuma kwanza

Daktari anayengoja kuamua kama kijana apelekwe kupasuliwa hahitaji vipande vyote 300 kwa mpigo. Tengeneza mfululizo wa milimita 5 kwenye mashine ya CT: kichwa kizima kinakuwa na vipande kama 30. Hivyo ni megabaiti 16 kabla ya kubana, na 6 au 7 baada ya kubana. Kwa megabiti 1 kwa sekunde, unazungumzia dakika moja. Vyembamba vitafuata nyuma wakati yeye ameshaanza kusoma.

Kwa altrasaundi, chagua video moja au mbili zinazoonyesha kitu, ukate sekunde za mwanzo ambapo mkono ulikuwa bado unatafuta. Mashine nyingi zinaweza kubana video zenyewe wakati wa kuhifadhi. Ingia kwenye mipangilio uangalie kama imewashwa.

Hatua ya 7: linda jina la mgonjwa

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Sheria kando, huyu ni mama wa mtu. Mji wenyewe ni Tukuyu au Makete, jina moja la ukoo linatosha kijiji kizima kujua. Kwa matibabu kati ya hospitali mbili, jina hubaki ndani ya faili ili wagonjwa wasichanganywe, ila njia lazima iwe imefungwa, nitaieleza hatua inayofuata. Kwa mafunzo au kuomba ushauri kwenye kundi, ondoa jina. Orthanc, nitakayoitaja sasa hivi, ina kitufe cha kuondoa utambulisho. Tahadhari: kwenye altrasaundi jina huwa limechapwa juu ya picha yenyewe, ndani ya pikseli. Kitufe hicho hakiligusi. Litazame kwa macho yako na ulifunike.

Hatua ya 8: jenga njia

Orthanc ni seva ndogo ya DICOM iliyoanzishwa na Sébastien Jodogne katika hospitali ya chuo kikuu cha Liège, Ubelgiji, mwaka 2012. Inaendeshwa kwenye kompyuta ya kawaida kabisa. Weka moja kwako na moja hospitali ya rufaa. Mashine ya CT inasukuma picha kwa Orthanc yako kupitia waya wa ndani, jambo la sekunde chache, na mpiga picha anaendelea na mgonjwa mwingine. Orthanc yako ndiyo inayohangaika na mtandao wa nje. Kutenganisha huku peke yake kuliondoa nusu ya malalamiko yetu. Zamani mashine nzima ilikuwa inangoja.

Ndani ya faili la mipangilio ongeza mstari huu, na kila picha inayoingia itabanwa yenyewe bila kupoteza:

"IngestTranscoding" : "1.2.840.10008.1.2.4.80"

Namba hiyo ndefu ndiyo jina la JPEG-LS katika kanuni za DICOM. Kama upande wa pili unahitaji ile JPEG ya zamani isiyopoteza, weka .70 mwishoni badala ya .80.

Sasa siri ya zile saa tatu. DICOM hutuma faili moja, hungoja jibu la "nimepokea", ndipo hutuma inayofuata. Mtandao wa simu ukiwa na ucheleweshaji wa milisekunde 150 kwenda na kurudi, faili 300 zinakula sekunde 45 za kungoja tu. Hilo linavumilika. Lakini sisi tulikuwa na hati ndogo ya amri iliyofungua mazungumzo mapya kwa kila faili: hodi, karibu, unaongea lugha gani, haya tuma, kwaheri, halafu hodi tena, mara 300. Tena mtandao ukikatika katikati, ilianza upya kutoka faili ya kwanza. Kama unatuma kwa storescu, programu ya kutumia ndani ya DCMTK kutuma picha, mpe folda nzima kwa mara moja ili hodi ipigwe mara moja:

storescu -xt +sd +r -aec RUFAA 10.8.0.2 4242 folda_ya_mgonjwa

Hapo -xt inasema faili zimebanwa kwa JPEG-LS, RUFAA ni jina la seva ya upande wa pili, 10.8.0.2 ni anwani yake, na 4242 ndiyo poti (mlango wa mtandao) ya kawaida ya DICOM kwenye Orthanc. Bora zaidi, weka kiongezi cha Orthanc cha kuharakisha uhamishaji, pande zote mbili. Kinakusanya faili ndogo kwenye mafungu, kinatuma mafungu kadhaa sambamba, na fungu likianguka njiani linarudiwa hilo peke yake, mradi umeweka idadi ya kurudia kwenye mipangilio.

Poti za Orthanc, 4242 na 8042, zisiachwe wazi kwenye intaneti hata siku moja. Pitisha kila kitu ndani ya handaki la WireGuard, yaani njia iliyofungwa kwa siri kati ya pande mbili. Nalipendekeza hilo kwa sababu linavumilia anwani ya IP inayobadilika: ruta ikizima na kuwaka, au ukihama kutoka mtandao mmoja wa simu kwenda mwingine, handaki linaendelea.

Na umeme. Kompyuta na ruta ziwe kwenye betri moja. Nimekuta mahali kompyuta ina betri na ruta haina, umeme ukikatika kompyuta inabaki inautazama ukuta.

Hatua ya 9: kama kweli una filamu na simu tu

Zipo zahanati ambazo hazina zaidi ya hapo, na mgonjwa yupo juu ya zile kona hamsini na saba za Chimala kwenda Matamba. Weka filamu kwenye kisanduku cha taa, zima taa za chumba, zima mwanga wa simu, simama wima mbele yake. Piga filamu nzima kwanza, ikiwemo alama ya kulia na kushoto, kisha sogea upige sehemu unayoitilia shaka. WhatsApp tuma kwa njia ya Hati, usitume kama picha, kwa sababu ikiwa picha huibana upya kwa kupoteza. Funika jina, na mwambie daktari waziwazi kwamba anaangalia picha ya filamu. Huenda akaona mfupa uliovunjika. Kichwa asikiamulie kwa hiyo.

Hatua ya 10: piga hodi kabla, hesabu baada

Kila asubuhi zamu ikianza, andika:

echoscu -aec RUFAA 10.8.0.2 4242

Ikinyamaza bila kosa, njia iko wazi. Ikigoma, una mchana kutwa wa kutengeneza kabla ya usiku wa dharura.

Baada ya kutuma, mpigie mwenzako wa upande wa pili umuulize idadi, usimuulize tu kama zimefika. "Dada, kichwa cha yule kijana, umepata vipande vingapi?" Akisema 298 nawe umetuma 300, usianze upya. Tuma folda ileile tena: kila picha ya DICOM ina namba yake ya pekee duniani, na kubana bila kupoteza hakuibadilishi, kwa hiyo zilizokwishafika hazitajirudia kwenye orodha yake, na mbili zilizopotea zitajaza nafasi zao. Subiri kwenye simu mpaka aseme 300.